Mama presha yake mchana iko sawa, usiku inapanda. Nani hapa amewahi kupima mtu akiwa usingizini?

Mtoto_wa_Bombo (Jumapili, saa 4 usiku)

Wakubwa habari zenu. Naandika nikiwa nimechoka kwa hiyo mtanisamehe maneno yakipishana. Mama yangu ana miaka 63, tunakaa naye hapa Bombo, presha waliigundua 2019 na tangu hapo anakunywa amlodipini moja asubuhi pamoja na kile kidonge cha kukojoza. Mashine tunayo, ile ya mkanda wa mkono, niliinunua laki na themanini famasi moja ya Wandegeya, na kila asubuhi kabla ya chai tunapima naandika kwenye daftari. 128, 131, 126, ya chini inacheza 78 mpaka 80. Daftari la kujivunia kabisa.

Sasa mwezi jana tumempeleka kliniki kwa ajili ya magoti, wakampima na moyo kwa ile picha ya kompyuta kama ya wajawazito, musawo, yaani daktari, akasema upande wa kushoto wa moyo umeanza kuwa mnene, kama wa mtu ambaye presha inampiga kila siku. Nikatoa daftari langu kwa fujo nikamwonyesha. Akalisoma lote, akaniuliza, na usiku? Nikasema usiku analala. Akacheka yule baba. Akasema kuna watu presha yao hailali hata wao wakilala.

Basi jana nikaweka alamu, saa 8 usiku nikamwamsha mama, nikamkalisha, nikapima, 158/91. Saa 10 tena, 162/90. Leo salamu yangu imeitikiwa kwa shingo upande. Nauliza, mtu anapimaje presha ya mtu aliyelala? Na hizo namba nizichukulie vipi?

Jaja_Kijana

Wewe unamwamsha mzazi saa 8 usiku, unamwashia taa, unamkaza mkono na mkanda, halafu unashangaa presha imepanda? Mimi ukiniamsha saa hizo hata yako itapanda kwa maneno utakayosikia 😂

Sista_wa_Zamu

Jaja amecheka ila amesema kweli. Bombo ndugu yangu hizo namba mbili zifute kwenye daftari, sio za usingizi, ni za mama aliyeshtuliwa.

Niko wodi ya watu wazima huku Mbale miaka 11 sasa, sio daktari wa mama yako, nieleze tu ninachokijua. Mtu mzima mwenye afya akilala presha yake inashuka, kawaida asilimia 10 mpaka 20 chini ya ile ya mchana. Moyo unapunguza kasi, mishipa inalegea, zile neva za kukimbiza mwili zinatulia. Wako ambao haishuki hata asilimia 10, na wako ambao inapanda kabisa kuliko mchana, na hao wa kupanda ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, kwa stroku (kiharusi) na kwa moyo kuchoka. Daftari la asubuhi haliwezi kukuonyesha hilo hata ulipange vipi.

Mipaka nayo inatofautiana na hapo wengi wanachanganya. Kliniki tunaanza kusema ni presha kwenye 140/90. Ukijipima nyumbani mchana umetulia ni 135/85. Usingizini, kwa miongozo ya Ulaya, wastani ukifika 120/70 tayari imezidi. Kwa hiyo 130 ambayo asubuhi unaifurahia, usiku sio ya kufurahia.

Kipimo chenyewe ni ile mashine ya saa 24, unavishwa mkanda na kiboksi kiunoni unarudi nayo nyumbani, mchana inajipima kila dakika 15 mpaka 30, usiku kila nusu saa au saa moja. Muulize musawo wa mama iko wapi karibu, Taasisi ya Moyo pale Mulago au kliniki binafsi za moyo Kampala ndio pa kuanzia kuulizia.

Gajeti_Kwa_Bei

Msihangaike ndugu zangu!! Saa ya kisasa inapima presha, sukari, oksijeni, usingizi, yote mkononi bila mkanda bila sindano. Elfu 85 tu, boda inakuletea popote Kampala. Njoo inboksi

Nalongo_wa_Jinja

Ssebo hiyo saa yako kaka yangu alininunulia moja ya aina hiyo. Nikaivisha kwenye gonja, ile ndizi ya kupika, lililoiva jikoni. Gonja likatoa 118/76. Lina afya kuliko mimi.

Sista_wa_Zamu

Nalongo umeniua 😂😂

Tuseme ukweli lakini, saa zote sio sawa. Iko ya Huawei yenye mkanda unaojaa hewa kweli kama mashine, na iko ya Samsung ambayo haina mkanda, inakisia kwa mwanga, na wenyewe watengenezaji wanakwambia kila siku 28 uioanishe na mashine ya mkanda wa mkono. Maana yake mashine bado utanunua. Hizi za elfu 85 zisizo na mkanda wala cha kuoanisha, sukari nayo inapima kupitia ngozi, muuzaji atuambie inaionaje.

Gajeti_Kwa_Bei

Bidhaa zetu ni orijino

Lindo_Kawempe

Samahani naingilia uzi wa watu. Mimi ni askari wa usiku, nashika zamu saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Presha nimeambiwa ninayo tangu mwaka jana. Sasa "usiku" wangu mimi ni upi? Maana saa 8 usiku niko getini na tochi.

Sista_wa_Zamu

Lindo swali zuri kuliko yote hapa. Presha inafuata usingizi, haifuati jua. Kwako wewe usiku ni ile saa unayolala, hata kama ni saa 4 asubuhi na watoto wa jirani wanacheza mpira. Na wanaobadilisha zamu mara mchana mara usiku wengi wao ile kushuka inavurugika. Ukienda kwa daktari mwambie kwanza kazi yako, wengi hawaulizi.

Mzee_wa_Utafiti

Nyote mnazunguka. Dawa ya presha ya usiku ni kunywa dawa USIKU. Ni hesabu ndogo, dawa ya asubuhi ikifika saa 8 usiku imekwisha nguvu. Kule Hispania walifanya utafiti mkubwa unaitwa Hygia, ukatoka 2019, watu zaidi ya 19,000, waliomeza dawa wakati wa kulala walipata mshtuko wa moyo na stroku kidogo sana kuliko wa asubuhi. Bombo hamisha dawa zote za mama uweke saa 3 usiku, utakuja kunishukuru.

Mtoto_wa_Bombo (Jumanne)

Asante mzee, nitajaribu leo.

Sista nimeona wengine mtandaoni wanasema uvae mkanda kabla ya kulala mwenzako akubonyezee mashine ukiwa umeshalala. Hiyo inakubalika?

Sista_wa_Zamu

Niko zamuni nitajibu kesho, lakini KUHUSU DAWA SUBIRI.

Mtoto_wa_Bombo (Alhamisi, saa 1 asubuhi)

Jamani. Nilishahamisha tangu Jumanne kabla sijaona ujumbe wa sista. Zote mbili, na kile cha kukojoza. Mama ameamka mara tatu usiku, choo chetu kiko nje, mvua ilikuwa imenyesha, mara ya tatu akateleza kwenye ngazi. Hakuvunjika, alhamdulillahi, ila mkono wa kushoto umevimba, na ndio ule ninaopimia. Dada zangu wamepigiwa simu wote, hadi yule wa Arua, na wote wanauliza nani aliyenipa udaktari.

Jaja_Kijana

Pole sana kwa maama. Mzee wa Utafiti njoo hapa.

Mzee_wa_Utafiti

Sikujua kama ana cha kukojoza.

Nalongo_wa_Jinja

Aliandika kwenye mstari wa pili wa uzi banange!

Sista_wa_Zamu

Poleni. Apelekwe akaangaliwe huo mkono, na dawa zirudi kama daktari alivyoandika, abadilishe yeye.

Mzee sikutukani, ila umesoma nusu. Hygia ilitoka, na baada ya hapo watafiti wengine wengi wakaihoji jinsi ilivyofanywa maana faida ilikuwa kubwa kupita kiasi. Halafu 2022 Uingereza wakatoa ya kwao, TIME, watu zaidi ya 21,000, wamefuatiliwa miaka kama mitano, nusu wanakunywa asubuhi nusu jioni. Tofauti ya moyo na stroku haikuonekana. Basi kunywa saa ambayo hutasahau. Na hiyo hesabu ya dawa kwisha saa 8 usiku, kwa amlodipini sio, ile inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Zipo fupi ambazo huwa zinaisha kweli ndio maana zinaandikwa mara mbili kwa siku, na kuna wagonjwa daktari mwenyewe huamua kuwahamishia dawa fulani jioni. Za kukojoza kwa mtu wa umri huo na choo cha nje, asubuhi.

Sasa kubonyeza mashine mtu amelala. Wajapani wameifanya hii miaka mingi na mashine zinazojiwasha zenyewe, unazipanga saa 8, saa 9 na saa 10 usiku, mtu amelala nayo mkononi. Zipo na nyingine, mfano WatchBP ya Microlife ya toleo la usiku, nayo inajipima yenyewe. Ya kwako haina, ndio hivyo unabonyeza wewe. Sio sawa na ya saa 24 lakini ni bora kuliko kumwamsha. Mvishe mkanda kabla hajalala, mkono ambao hauumi, usikaze kupita vidole viwili kupenya. Mpira wake upite juu ya shuka sio chini ya ubavu. Mashine weka kwenye stuli karibu na mlango, sauti uizime, taa usiwashe. Asipime mtu anayekohoa. Andika alikuwa amelalia upande gani, kwa sababu mkono ukiwa juu ya moyo sentimita 10 hivi mashine itakupunguzia kama 7 au 8, na ukiwa chini itakuongezea. Chali ndio nzuri, asipotaka basi. Usiku mbili au tatu zinatosha, usimfanyie kila siku akakuchukia.

Na mkanda uwe saizi yake! Mama zetu wenye mikono mikubwa wanavishwa mkanda mdogo, namba inapanda bure.

Mtoto_wa_Bombo (wiki iliyofuata)

Usiku tatu nimefanya, mkono wa kulia. Usiku wa kwanza mashine ilikufa katikati, betri zile nne za mia tano mia tano, sitarudia. Za pili na tatu:
139/77, chali
142/80, upande wa kushoto, mkono wa kulia ulikuwa juu
136/76, chali
Asubuhi zake 127/78. Mara moja tu ndio alifumbua macho akasema "bado unacheza?" akarudi kulala.

Sista_wa_Zamu

Hiyo ya 142 na mkono ulikuwa juu, yaani ukweli uko juu zaidi ya hapo. Nenda na hilo daftari kaombe ya saa 24. Na niulize mambo manne. Anakoroma? Ana sukari? Anaamka kukojoa siku za kawaida? Chumvi je?

Mtoto_wa_Bombo

Kukoroma hapana labda akiwa na mafua. Sukari walipima iko sawa. Kukojoa mara mbili, hata kabla ya lile balaa la Jumanne. Chumvi sasa... mezani haongezi hata kidogo, ila maharage na mboga za majani lazima magadi, na shangazi anatuma samaki wa angara iliyokaushwa kwa chumvi kutoka West Nile kila mwezi.

Sista_wa_Zamu

Magadi nayo ni sodiamu, haijalishi haina ladha ya chumvi. Ukitaka kujua inahusu nini usiku, figo ndio kazi yake kuitoa hiyo chumvi. Zikishindwa kuimaliza mchana, mwili unashikilia presha juu hata usiku ili kuisukuma itoke na mkojo. Ndio unaona mtu presha haishuki na pia anaamka kukojoa, ni jambo moja hilo hilo. Watu weusi wengi tunashika chumvi zaidi, na kushuka kwetu usiku ni kudogo. Akapimwe figo, damu na mkojo.

Nalongo_wa_Jinja

Sista na kukoroma kunahusu nini? Baba watoto anakoroma mpaka mabati yanaitikia, halafu ghafla anakaa kimya, nahesabu mpaka ishirini, ndio anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kwenye Nile.

Sista_wa_Zamu

Nalongo hiyo ya kukaa kimya ndio mbaya. Koo linajifunga, oksijeni inashuka, mwili unashtuka na kupiga presha juu ndio anavuta, na anaweza kufanya hivyo mara nyingi sana usiku mmoja bila kujua. Asubuhi anaamka na kichwa kinauma na mchana anasinzia hata kwenye matatu. Mrekodi kwa simu umpelekee daktari, kwa maneno hatakubali.

Nalongo_wa_Jinja

Anasinzia hata msikitini. Nimerekodi jana, amekataa kwamba ni yeye.

Mtoto_wa_Bombo (wiki tatu baadaye)

Nimerudi na majibu. Ya saa 24 tumefanya Kampala kliniki ya moyo. Mama alikataa kwanza, anasema majirani watadhani amefungwa bomu, akavaa gomesi pana ikafichika. Mchana wastani 129/78. Usiku 138/79. Yaani badala ya kushuka imepanda asilimia 7. Daftari langu lote la tangu 2019 lilikuwa la ukweli na halikusema kitu.

Figo, creatinine (ule uchafu wa damu ambao figo huutoa) imepanda kidogo na mkojo una protini. Daktari, dada mmoja mtulivu sana, akasema mama nataka kuona kila unachomeza, sio cha presha tu. Nikatoa vile viwili. Akamwangalia mama. Akarudia, kila kitu. Mama akakaa kimya, halafu akafungua fundo la leso. Diklofenaki. Za magoti, jirani yetu anamnunulia za rejareja dukani, mbili kila siku, anasema tangu mwaka juzi. Mimi ninayeandika daftari kila asubuhi naishi naye nyumba moja nilikuwa sijui.

Daktari akatueleza kwamba hizo dawa za maumivu zinazuia figo kutoa chumvi na maji, zinapandisha presha, zinapunguza nguvu ya dawa za presha, na kwa muda mrefu zinaumiza figo zenyewe. Akazisimamisha siku hiyo hiyo. Magoti amepewa ya kupaka na mazoezi ya kukunja miguu kwenye kiti. Ameongeza losatani, dawa nyingine ya presha, akasema turudi baada ya wiki mbili kupima damu tena kuona figo na potasiamu. Magadi imeondoka jikoni, hapo ndio kulikuwa na vita.

Jaja_Kijana

Fundo la leso! Mama zetu lile fundo ni benki na famasi pamoja.

Mzee_wa_Utafiti

Mimi pia natumia hizo za mgongo. Kila siku. Sista?

Sista_wa_Zamu

Mzee kesho uende upimwe presha na figo, na uwaambie. Usisubiri utafiti.

Mtoto_wa_Bombo (baada ya wiki tano nyingine)

Namba za usiku, njia ile ile ya kubonyeza, betri nzuri: 124/71, 127/72, 122/70, zote chali. Mchana 121, 123. Figo hazijazidi kuharibika, potasiamu sawa. Kukojoa usiku mara moja, na ngazi nimeitengeneza kwa saruji nikaweka na taa ya sola.

Sista_wa_Zamu

Bado haishuki chini ya mchana na bado iko juu ya 120/70 kidogo, lakini kutoka 138! Daktari ataendelea kusukuma. Mwambie mama hongera na angara asubiri.

Mtoto_wa_Bombo

Angara amekubali kuiloweka maji mara tatu. Kuacha amesema tumzike kwanza.

Lindo_Kawempe

Jamani na mimi nilete za kwangu, maana niliazima mashine kwa shemeji. Mke wangu amenibonyezea nikiwa nimelala, saa 5 asubuhi, saa 6, saa 7. 139, 144, 136. Chumba changu kimepakana na fundi wa kuchomelea milango, anaanza saa 3 asubuhi na grenda.

Sista_wa_Zamu

Lindo hapo ulikuwa umelala kweli au ulikuwa umefumba macho?

Lindo_Kawempe

Mke anasema nilikuwa nasaga meno.

Lindo_Kawempe (siku mbili baadaye)

Leo umeme ulikatika Kawempe yote tangu alfajiri, fundi hakufungua. 119, 122, 117.